NANI ALIPE GHARAMA YA KOSA LA MWANAFUNZI WA UDAKTARI?

Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma

Hakuna fundi aliyezaliwa na ufundi wake. Seremala anayejifunza huharibu mbao, mshonaji mwanagenzi hukata kitambaa kombo, na mwalimu aliyetoka chuoni jana huvuruga somo lake la kwanza mbele ya darasa. Makosa hayo yana gharama, lakini ni gharama inayovumilika: ubao hununuliwa mwingine, na somo hurudiwa kesho. Kwa mwanafunzi wa udaktari mambo ni tofauti. Naye, kama wanagenzi wote, hana budi kukosea kabla ya kufuzu. Ila kosa lake huangukia mwili wa binadamu. Kwa hiyo yafaa kuuliza, tena kwa uwazi: binadamu huyo ni nani, na ni nani aliyeamua kwamba yeye ndiye alipe gharama ya elimu ya mwenzake?

Historia inalo jibu, nalo si la kujivunia. Hospitali kubwa za kufundishia za Ulaya katika karne ya 18 na ya 19 zilijaa maskini. Tajiri alitibiwa nyumbani kwake na daktari aliyemchagua mwenyewe. Maskini alilazwa katika wodi ya wote, akawa ndiye kitabu ambacho wanafunzi walijifunzia kusoma. Hapa kwetu ukoloni uliongeza ubaguzi wa rangi juu ya ule wa mali: katika Dar es Salaam ya Waingereza, Hospitali ya Ocean Road ilikuwa ya Wazungu, na Mwafrika alikwenda Sewa Haji. Uhuru ulipatikana mwaka 1961, na mwaka 1963 shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam. Ubaguzi wa rangi uliondolewa. Hata hivyo, jambo moja lilibaki hapa kama lilivyobaki katika nchi nyingine nyingi: mwanafunzi anayetafuta mshipa kwa sindano kwa mara ya kwanza huutafuta katika mkono wa mgonjwa wa wodi ya umma, yule asiye na uwezo wa kwenda kwingine. Taifa lililojenga siasa yake juu ya usawa wa binadamu haliwezi kulitazama jambo hilo kuwa ni desturi tu isiyohitaji kuulizwa.

Ndipo linapokuja suala la mafunzo ya kuiga. Haya ni mafunzo ambayo mwanafunzi hutenda kazi ya tiba katika hali iliyotengenezwa ili ifanane na hali halisi, bila mgonjwa yeyote kuwa hatarini. Chombo chake chaweza kuwa mwanasesere wa ukubwa wa mtoto mchanga, mkono wa plastiki wenye mishipa ya mpira, kipande cha ngozi ya mbuzi cha kujifunzia kushona kidonda, au mtu mwenye afya aliyefundishwa kuigiza ugonjwa.

Wapo wanaodhani kwamba jambo hili ni anasa ya kigeni. Dhana hiyo haina msingi. Katika mafunzo ya jando na unyago ya makabila kadhaa ya nchi hii, wakiwamo Wasambaa na Wazigua, sanamu za udongo zilitumika kuwafundishia vijana mambo ya utu uzima. Mtafiti Hans Cory alizikusanya sanamu hizo na kuziandikia kitabu kilichotoka mwaka 1956. Wazee walijua kwamba yapo mambo ambayo kijana hayashiki kwa kuambiwa, na ambayo si halali ayajaribu kwa mtu kabla hajayaelewa. Waliweka sanamu katikati ya hayo mawili.

Ulaya nako, aliyeieneza njia hiyo katika tiba hakuwa profesa. Alikuwa mkunga. Mwaka 1759 mfalme Louis XV wa Ufaransa alimpa Angélique du Coudray idhini ya kuzunguka nchi nzima akiwafundisha wanawake wa vijijini kuzalisha. Wengi wa wanafunzi wake hawakujua kusoma. Bibi huyo alishona kiuno cha mama na mtoto wake kwa kitambaa na ngozi, vikajazwa pamba, na kila mwanafunzi akatakiwa kumtoa mtoto huyo kwa mikono yake mwenyewe, akiwa amelala vizuri na akiwa amelala vibaya. Kimoja cha vifaa vyake kimehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Rouen. Miaka 200 baadaye, mwaka 1960, mtengenezaji wa vichezeo wa mji wa Stavanger huko Norwe, Åsmund Lærdal, alitoa mwanasesere wa ukubwa wa mtu mzima wa kujifunzia kumpulizia hewa mtu aliyeacha kupumua. Mmoja alishika sindano na uzi, mwingine alikuwa na kiwanda cha vichezeo. Wote wawili walikusudia kwamba mikono ijue kazi kabla haijakabidhiwa uhai.

Sasa itazamwe hali ya mwanafunzi mwenyewe. Anapoingia katika chumba cha mazoezi kwa mara ya kwanza, mara nyingi hucheka. Ametumia miaka miwili au mitatu kusoma mifupa, damu na magonjwa, na sasa anawekewa mdoli mezani. Kicheko hicho hakidumu. Mwenzake mmoja hufungiwa tumbo la bandia akawa mama anayejifungua. Mwanasesere wa mtoto hujazwa maji ya uvuguvugu, hata akishikwa awe na uzito na ulegevu wa mtoto mchanga. Mwalimu hushika vipira vidogo ambavyo, akivibonyeza, kitovu hupiga kama moyo na kifua hupanda kama kinachopumua. Mtoto huzaliwa, na mwalimu habonyezi kitu. Chumba chote hukaa kimya, na saa ya ukutani huendelea kuhesabu.

Hapo ndipo mwanafunzi hugundua jambo ambalo mtihani wa maandishi haukumwonyesha. Anajua kwamba mtoto asiyepumua akaushwe, asuguliwe mgongo, na asipoanza kupumua apuliziwe hewa ndani ya dakika ya kwanza, ile ambayo walimu wa fani hii huiita dakika ya dhahabu. Anajua kwamba apuliziwe pumzi 40 hivi kwa dakika. Aliyaandika yote hayo akapata alama za juu. Lakini mikono yake inatetemeka, maski haikukaa sawasawa usoni, hewa inavuja pembeni na kifua hakipandi. Au amesahau kukagua ambu kabla mama hajaanza kusukuma, na sasa anaitafuta wakati dakika inakwisha. Katika chumba cha kujifungulia dakika hiyo ingekuwa msiba wa familia. Katika chumba cha mazoezi ni somo, na mtoto yule yule huzaliwa tena baada ya dakika tano.

Wanafunzi waliopitia mafunzo hayo katika nchi mbalimbali husimulia mambo yanayofanana. Husema kwamba woga umepungua, na kwamba walipomkaribia mgonjwa wa kweli walijua pa kuanzia. Husema pia kwamba kilichowafaa zaidi ni mazungumzo yanayofuata baada ya zoezi, wanapoketi pamoja na kuulizwa: mliona nini, mlifanya nini, mngefanya nini tofauti? Katika kikao hicho kosa halifichwi wala halisimangwi. Huwekwa mezani likachunguzwa. Kwa kijana aliyezoea darasa ambamo anayekosea huchekwa, huo ni ulimwengu mpya. Na daktari aliyezoea kulitaja kosa lake mbele ya wenzake akiwa mwanafunzi, huyo ndiye atakayelitaja pia akiwa kazini, kabla halijarudiwa kwa mgonjwa wa pili.

Wanafunzi hao hao hutoa na malalamiko, nayo yafaa yasikilizwe. Wengine hulalamika kwamba mwanasesere ni mmoja na wao ni wengi, hata mtu akamaliza kipindi kizima akiwa mtazamaji. Wengine husema kwamba mwalimu aligeuza zoezi kuwa mtihani, akamkaripia aliyekosea, na siku iliyofuata hakuna aliyejitolea kutangulia. Wengine huona kwamba mwanasesere halii, haogopi, wala hana mama mkwe anayesubiri mlangoni. Tena ipo hatari ya kinyume: kijana aliyefaulu mara tatu kwa mdoli aweza kudhani kwamba amefuzu, akaenda wodini na kiburi badala ya tahadhari.

Dosari ya mdoli asiyesema ilipatiwa dawa zamani. Mwaka 1963 huko Los Angeles, Marekani, daktari Howard Barrows alianza kuwafundisha watu wenye afya waigize wagonjwa, ili wanafunzi wajifunze kuhoji na kupima. Mwaka 1975 Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, alieleza namna ya mtihani ambamo mwanafunzi hupita kituo hadi kituo, na katika kila kituo akapimwa kwa kutenda. Mtihani wa namna hiyo sasa umeenea katika vyuo vya tiba duniani. Kwa Tanzania njia hii ina faida ya pekee. Mwanafunzi wa udaktari hapa husomeshwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa wake atakuja na Kiswahili, tena pengine Kiswahili chenye lafudhi ya kwao. Mwanafunzi aliyekariri dalili zote za ugonjwa wa moyo katika lugha ya kigeni hubabaika anapotakiwa kumuuliza mzee wa miaka 70 anajisikiaje, na kumpa shikamoo kabla ya kumuuliza. Muuguzi mstaafu anayeigiza mgonjwa humfichua haraka kijana wa namna hiyo, na kumrekebisha. Hahitaji umeme wala vipuri kutoka ng'ambo. Wananchi wanaolalamikia kauli mbaya hospitalini wangependa kusikia kwamba kauli nayo hufundishwa na kutahiniwa.

Ndugu Walimu,

Swali kubwa zaidi ni hili: je, mazoezi haya huokoa mtu, au huishia kumfurahisha aliyeyafanya? Nchi hii ni miongoni mwa chache zenye jibu lililopimwa, na jibu lenyewe lilipatikana kwa wauguzi, wakunga na madaktari walio kazini. Wanafunzi wa leo ndio watakaokuwa mahali pao kesho, kwa hiyo somo ni la vyuo pia.

Kati ya watoto 10 wanaozaliwa, karibu 1 huhitaji msaada ili aanze kupumua. Kuanzia mwaka 2009, Wizara ya Afya na washirika wake walijaribu katika hospitali 8 nchini mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, kwa kutumia mwanasesere wa maji aliyetajwa hapo juu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na idadi ya watoto waliozaliwa wafu muda mfupi baada ya uhai kutoka ilipungua kwa asilimia 24.

Lakini mwaka huo huo wa 2013 ilitoka taarifa ya pili, kutoka Hospitali ya Kilutheri ya Haydom mkoani Manyara, nayo ilikuwa na onyo. Watumishi wa hospitali hiyo walikuwa wamepewa mafunzo ya siku moja mwaka 2010. Miezi kadhaa baadaye walipopimwa kwa mwanasesere walionekana kuwa hodari kuliko zamani. Walipotazamwa katika chumba cha kujifungulia, utendaji wao ulikuwa haujabadilika. Ujuzi ulikuwa umebaki mezani kwa mdoli; haukuvuka mlango kwenda kwa mtoto.

Haydom haikukata tamaa wala haikumlaumu mdoli. Ilibadilisha utaratibu. Mwanasesere aliwekwa karibu na kazi, na watumishi wakafanya mazoezi mafupi ya dakika chache kila wiki, pamoja na marudio marefu zaidi kila mwezi. Hapo vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000, kama ilivyochapishwa mwaka 2015. Watu walikuwa ni wale wale na kifaa ni kile kile. Tofauti ilikuwa katika kurudia, na katika umbali kati ya zoezi na kazi. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Utaratibu huo, ukiongezewa vifaa vya kusikiliza moyo wa mtoto tumboni na matumizi ya takwimu za kituo chenyewe, ulipanuliwa hadi vituo 30 katika mikoa 5: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Waliosimamia mazoezi hawakuwa wageni waliokuja na kuondoka. Walikuwa watumishi wa vituo hivyo walioandaliwa kwa kazi hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025, yaliyohusu akina mama wapatao 280,000, yalionyesha kwamba vifo vya watoto kabla ya kuzaliwa na katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000, na vifo vya akina mama katika vituo hivyo vilipungua kwa takriban robo tatu. Mafanikio hayakulingana katika mikoa yote, jambo linaloonyesha kwamba mpango mzuri haujitekelezi wenyewe. Huhitaji watu wanaouendesha.

Kutokana na mambo hayo, ziko kazi ambazo kila upande hauna budi kuzifanya.

Kazi ya kwanza ni ya vyuo. Nchi sasa ina vyuo vya udaktari Dar es Salaam, Moshi, Mwanza, Dodoma, Mbeya na kwingineko, na idadi ya wanafunzi imepanda kuliko idadi ya vitanda vya kufundishia. Wanafunzi kumi na watano kuzunguka mgonjwa mmoja si elimu kwao, wala si heshima kwa mgonjwa. Chuo kinachoongeza wanafunzi na kisiongeze nafasi ya mazoezi kinamtwisha mgonjwa mzigo wa upanuzi huo. Tena haitoshi kununua mwanasesere na kumfungia kabatini kwa kuhofia kwamba ataharibika, huku ufunguo uko kwa ofisa aliyesafiri. Chombo cha mazoezi kikichakaa kwa kutumiwa, kimetimiza wajibu wake. Kikibaki kipya miaka kumi, fedha za umma zimepotea.

Kazi ya pili ni ya walimu wa fani zote. Mafunzo ya kuiga huvunjika mara tu mwalimu anapotumia kosa kumdhalilisha mwanafunzi. Anayeogopa kukosea mbele ya mdoli atakwenda kukosea mbele ya mgonjwa, ambako hakuna atakayemwona ila yule anayeumia. Hili linawahusu hata walimu wa shule za msingi na sekondari, kwa maana mwanafunzi wa udaktari hufika chuoni akiwa amekwisha kufundishwa, kwa miaka 13 au zaidi, ama kuficha makosa ama kuyasahihisha. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967 ilitaka elimu isitengane na kazi. Mikono iliyosahauliwa darasani haiwezi kuamka ghafla ikiwa imeshika mtoto asiyepumua.

Kazi ya tatu ni ya watumishi wanaopanga bajeti na ratiba. Semina ya siku moja katika ukumbi wa hoteli mjini, yenye vyeti na posho, ni rahisi kuipanga na kuitolea taarifa. Mazoezi ya dakika tano kila wiki kando ya wodi hayana sherehe ya ufunguzi, hayana picha ya pamoja, na pengine hayana posho. Hata hivyo ushahidi wa Haydom uko upande wa dakika tano. Mpangaji anayejua hivyo, na bado akachagua semina, amechagua kitu kingine badala ya uhai wa watoto.

Kazi ya nne ni ya wanafunzi wenyewe. Mwanasesere hampi mtu ruhusa ya kumsahau mgonjwa. Humpa adabu ya kumkaribia. Baada ya mazoezi yote, mwanafunzi atakwenda wodini, atajitambulisha kuwa ni mwanafunzi, ataomba ridhaa, na atafanya kazi chini ya jicho la mkubwa wake. Bado ataweza kukosea, kwa sababu ni binadamu. Lakini kosa ambalo lingeweza kumalizwa mezani halitakuwa na haki ya kumfuata mgonjwa kitandani.

Ndugu Walimu, Ndugu Watumishi wa Umma,

Mama anayetoka kijijini usiku, akibebwa kwa pikipiki hadi kituo cha afya, hajui kama atakayempokea ni daktari wa miaka ishirini au daktari tarajali wa wiki ya pili. Hachagui, wala hana pa kwenda kwingine. Hana namna ya kuuliza maswali yanayotakiwa kuulizwa: je, mikono hii imewahi kufanya kazi hii, na mara ngapi, na mara ya mwisho ilikuwa lini? Kwa kuwa yeye hawezi kuuliza, ni wajibu wa wale wanaofundisha, wanaoajiri na wanaopanga matumizi ya fedha za umma kuyauliza kwa niaba yake, na kuyauliza kabla hajafika mlangoni.